Kadi ya TV kwenye Linux inaleta chenga tupu: kosa ni la kadi, la antena au la Linux?

*"Assalaam aleikum, fundi. Mimi ni mwalimu wa skuli, nakaa Wete. Nilipokuwa Unguja nilinunua kadi ya TV ya mtumba pale Darajani, ya kuchomeka ndani ya kompyuta, nikaja nayo kwa boti. Kompyuta yangu ni ya mezani, ya zamani, nimeitia Linux Mint kwa sababu Windows ilikuwa imeielemea. Nilipowasha, kwenye maandishi ya keneli, ule moyo wa Linux, kadi ilionekana kama saa7134 lakini ikasema haijulikani ni ya aina gani, tena kuna maneno kama yananipongeza halafu yananikejeli. Kijana mmoja akanipa namba ya kuandika, nikaiandika, na tangu hapo tvtime, ile programu ya kutazamia TV, inafunguka lakini naona chenga tu. Nimetafuta chaneli mwanzo hadi mwisho, hakuna hata moja. Antena nimeipandisha mara mbili, sasa iko juu ya mnazi. Rafiki zangu wanasema nirudi Windows. Ninachotaka ni kurekodi taarifa ya habari ya ZBC na vipindi vya elimu niwaoneshe wanafunzi. Je, kadi ni mbovu, antena haitoshi, au Linux ndiyo haiwezi?"*

Waaleikum salaam, Mwalimu. Kabla ya yote, teremsha hiyo antena kutoka kwenye mnazi, au mwambie mkwezi aiteremshe. Huenda haina kosa lolote, na masika hayako mbali. Nitarudi kwenye habari ya radi mbele.

Sasa jibu. Kwa namna ulivyoeleza, kadi yako ni nzima, Linux inafanya kazi yake, na antena huenda nayo ni nzima. Unachokitafuta ndicho kisichokuwepo tena hewani. Kadi yenye chipu ya saa7134, ya Philips, ilitengenezwa kwa matangazo ya analojia, na matangazo hayo yamezimwa. Chenga unazoziona ni kadi inakuonesha kwa uaminifu kabisa kwamba kwenye masafa hayo haioni picha ya aina inayoijua. Ni mtu mwenye masikio mazuri aliyekaa katikati ya watu wanaozungumza lugha asiyoijua: sauti zinamfika zote, maana haimfiki hata moja.

Nikueleze kilichobadilika, maana ukikijua hiki hutanunua tena kitu kisichofaa. Zamani kituo kimoja cha televisheni kilichukua chaneli nzima ya hewani kwa ajili yake peke yake. Sisi Wazanzibari tulianza mapema, televisheni yetu, TVZ, ilikuwa ikionesha rangi tangu miaka ya 1970, wakati wenzetu wa Bara walisubiri hadi 1994 kupata televisheni ya aina yoyote. Wote tulikuwa analojia. Kisha nchi nyingi zilikubaliana Geneva mwaka 2006 kuhamia dijitali, na 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa mwisho wa kulindwa kwa analojia kwenye masafa ya UHF upande wetu wa dunia. Tanzania haikusubiri tarehe hiyo. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam usiku wa 31 Desemba 2012, maeneo mengine yakafuata, na hapo ndipo neno "king'amuzi" lilipoingia kila nyumba.

Kwenye dijitali, chaneli moja ya hewani yenye upana wa megahezi 8 haibebi picha. Inabeba mkondo wa data, na ndani ya mkondo huo vituo kumi au zaidi vimepangwa pamoja. Mtindo wa kuupakia mkondo huo unaitwa DVB-T, na toleo lake la pili, lililotoka mwaka 2009, ni DVB-T2, ambalo linabeba data nyingi zaidi, megabiti 30 na kuendelea kwa sekunde. Ili kuupata mkondo huo unahitaji chipu ya pili baada ya ile inayochagua masafa, chipu inayojua kuufungua. Kadi yako ina ya kwanza, haina ya pili. Kukosekana kwa kipande hicho hakuponi kwa draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuiendesha kadi), wala kwa Windows, wala kwa mnazi mrefu zaidi. Waambie rafiki zako hivyo: kwenye Windows ungekuta hali ileile, pengine skrini ya buluu badala ya chenga, maana programu nyingi za Windows huzificha.

Yale maneno ya kejeli nayo nikueleze, maana wengi huyaona wakadhani kompyuta imeingiwa na virusi. Aliyeandika draiva ya saa7134 alichoshwa na watengenezaji wanaotoa kadi za bei rahisi bila kile kichipu kidogo cha kumbukumbu kinachobeba kitambulisho cha kadi. Basi akatia maneno kwenye keneli: hongera, aliyekutengenezea kadi ameokoa senti chache, kwa hiyo mimi siwezi kuitambua, kisha anasema sasa moyo wangu umepoa, tuendelee. Chini yake inakuja orodha ndefu ya aina za kadi kwa namba, na ndiyo namba aliyokupa yule kijana. Ilikuwa kazi sahihi. Ungebaki bila namba, kadi ingesimama kama "UNKNOWN/GENERIC" na usingeziona hata chenga.

Sasa una njia mbili za kweli, na ya tatu ambayo mafundi hatupendi kuitaja kwa sababu haituletei kazi.

Njia ya kwanza inatumia kadi hiyohiyo. Tazama mgongoni mwake, karibu na tundu la antena. Bila shaka kuna tundu la duara la manjano, au tundu dogo jeusi la S-Video lenye pini nne. Hilo tundu la manjano halijali kama hewani kuna analojia au dijitali. Linapokea picha iliyokwisha funguliwa. Chukua king'amuzi, hata kile cha zamani ambacho watu wamekitupa kabatini baada ya kununua TV yenye king'amuzi ndani, unganisha waya wake wa manjano kwenye kadi, na nyaya za sauti, nyeupe na nyekundu, zipeleke kwenye tundu la buluu nyuma ya kompyuta kwa waya wenye kichwa cha kama cha hedifoni upande mmoja. King'amuzi ndicho kitakachofungua dijitali, na kadi itapokea picha tu.

Kwenye Linux kazi ni fupi. Fungua teminali uandike:

v4l2-ctl -d /dev/video0 --list-inputs

Itakuorodheshea matundu ya kadi kwa namba: Television, Composite, S-Video. Tuseme Composite ni namba 1. Basi:

v4l2-ctl -d /dev/video0 --set-input 1
v4l2-ctl -d /dev/video0 --set-standard pal

Kama v4l2-ctl haimo, itie kwa sudo apt install v4l-utils. Fungua tvtime tena, na kwenye menyu yake chagua Composite badala ya Television. Picha ikija bila rangi, au inapanda na kushuka, umekosea mfumo wa picha, rudi uhakikishe ni PAL. Picha isipokuja kabisa na kadi yako ni ile isiyo na kitambulisho, namba ya kijana inawezekana ilikuwa ya kadi inayofanana na yako lakini tundu lake la manjano limeunganishwa kwengine. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye ubao wa kadi wenyewe, si stika ya duka, ulinganishe na orodha. Namba ukishaipata iandike kwenye faili ndani ya /etc/modprobe.d, mfano options saa7134 card=7 ikiwa yako ni 7, ili usiirudie kila unapowasha.

Kurekodi nako kunawezekana:

ffmpeg -f v4l2 -standard PAL -i /dev/video0 -f alsa -i default -t 1800 taarifa.mkv

Hiyo 1800 ni sekunde, yaani nusu saa. Tatizo la njia hii ni kwamba kompyuta haiwezi kukibadilishia king'amuzi chaneli. Ukitaka taarifa ya habari, lazima mtu awepo aweke chaneli ya ZBC kabla ya wakati, na umeme usikatike baina, maana ving'amuzi vyengine vikiwaka tena vinarudi chaneli ya kwanza. Na picha ni ya ubora wa zamani, pikseli 720 kwa 576. Kwa darasa lenye projekta ndogo au TV moja inatosha kabisa. Hii ndiyo njia ningeanza nayo kama ni mimi, kwa sababu unachohitaji kununua ni waya tu.

Njia ya pili ni kununua kifaa kipya cha DVB-T2, na siku hizi vingi ni vidogo, vya USB, kama flashi yenye tundu la antena. Hapa ndipo pesa za watu zinapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kosa la kwanza ni kununua kinachosema DVB-T bila ile mbili. Vile vya rahisi kabisa, vyenye chipu ya RTL2832U peke yake, ni DVB-T tu. Muuzaji atakwambia "ni dijitali" na atakuwa anasema kweli, lakini mkondo wa T2 hakitaufungua. Kosa la pili ni kununua kile kilichotengenezwa kwa simu za Android, chenye kichwa kidogo cha kuchomeka kwenye simu. Vingi havina draiva kwenye Linux, na hakuna amri itakayokusaidia. La tatu ni kununua kwa jina la kwenye boksi. Boksi moja kwa jina moja huweza kubeba chipu tofauti mwezi huu na mwezi ujao.

Ninachoshauri ni hiki: nenda dukani na laptop yenye Linux, au flashi yenye Linux Mint ya kuwashia bila kuitia, omba kukichomeka kifaa kabla ya kulipa, na andika lsusb. Utaona mistari yenye namba mbili zilizotenganishwa na nukta pacha. Hizo namba ndizo jina la kweli la kifaa. Kwa mfano vile vinavyouzwa kwa jina la Astrometa huonekana kama 15f4:0131, na hivyo vinafanya kazi. Hauppauge WinTV-soloHD na PCTV 292e, ambavyo ndani vina chipu ya Silicon Labs Si2168, ni vizuri zaidi ukivipata, ingawa kwa maduka yetu huenda ukalazimika kumwagiza mtu. Muuzaji akikataa kukichomeka, kuna muuzaji mwengine.

Ukishakichomeka nyumbani, andika sudo dmesg | tail -40. Hapo keneli inasimulia kilichotokea, na unatafuta mambo mawili. Kwanza, jina la chipu, kama "found a 'Silicon Labs Si2168-B40'". Likiwepo, draiva ipo na imekitambua. Pili, mstari wa makosa unaofanana na huu:

Direct firmware load for dvb-demod-si2168-b40-01.fw failed with error -2

Mstari huu umewafanya watu wengi kurudisha vifaa vizima dukani. Chipu za aina hii huwashwa zikiwa tupu, na draiva huzipelekea programu ndogo ya kuziendesha, inayoitwa fimwea. Error -2 maana yake faili halikupatikana, basi. Fimwea hizo ni mali ya kampuni za chipu, hazina leseni ya wazi kama Linux yenyewe, na ndiyo sababu mara nyengine hazimo kwenye Linux uliyoitia. Keneli imeshakutajia jina la faili herufi kwa herufi. Litafute kwa jina hilohilo kwenye mkusanyiko wa fimwea za DVB wa mradi wa OpenELEC kwenye tovuti ya GitHub, liweke ndani ya /lib/firmware, chomoa kifaa, kichomeke tena. Usibadilishe jina la faili, hata herufi moja. Kama skuli haina intaneti nzuri, hiki ndicho kitu cha kupakua kwa simu na kuhamisha. Faili lenyewe ni dogo.

Fimwea ikiingia, andika ls /dev/dvb/adapter0. Unatakiwa uone demux0, dvr0, frontend0 na net0. Ukiwa na Astrometa utaona frontend mbili, yaani milango miwili ya kupokelea mawimbi, na hapa nimewahi kuona watu wazima wakikata tamaa bure: frontend0 ni ya DVB-T ya zamani, frontend1 ndiyo ya T2. Programu nyingi huanza na ya kwanza, zinatafuta, zinakosa, mtu anasema kifaa kibovu. Iambie programu itumie ya pili.

Neno jengine kuhusu Astrometa. Kama umewahi kutia programu za rtl-sdr kwenye kompyuta hiyo, zile za kusikilizia redio, huenda ziliacha faili la kuizuia draiva ya TV isijiwashe, ndani ya /etc/modprobe.d, lenye neno blacklist na dvb_usb_rtl28xxu. Liondoe. Sababu yake ni kisa kizuri: mwaka 2012 Antti Palosaari, Mfini aliyeandika draiva nyingi za vifaa hivi, alionesha kwamba chipu hii ya TV inaweza kutoa mawimbi mabichi ya redio, na wapenda redio wa dunia nzima wakaivamia. TV na redio haviwezi kukitumia kifaa kwa wakati mmoja, ndiyo maana kimoja hukizuia chengine.

Sasa kutafuta chaneli. Usianze kwa kubahatisha masafa yote. Muulize king'amuzi cha jirani. Ndani ya menyu yake, kwenye habari za chaneli au nguvu ya mawimbi, kuna namba ya masafa, mfano 538 MHz, au namba ya chaneli ya hewani, mfano 29. Ukipata namba ya chaneli tu, hesabu ni nyepesi: chaneli 21 ni 474, na kila inayofuata inaongeza 8. Kwa hiyo 29 ni 474 na mara nane ya 8, jumla 538. Andika faili, liite wete.txt:

[CHANNEL]
DELIVERY_SYSTEM = DVBT2
FREQUENCY = 538000000
BANDWIDTH_HZ = 8000000

Badala ya 538000000 weka masafa uliyoyaona kwa jirani. Kama kuna masafa mawili au matatu, rudia mistari hiyo minne kwa kila moja. Kisha:

dvbv5-scan -o chaneli.conf wete.txt

Kwa Astrometa ongeza -f 1 baada ya dvbv5-scan. Neno unalolisubiri ni Lock. Ukiliona, kazi ngumu imekwisha, na majina ya vituo yatateremka chini yake. Usipoliona, rudi kwenye antena. Baada ya hapo unaweza kutazama kwa VLC au Kaffeine, na kurekodi bila mtu kukaa mbele ya mashine:

dvbv5-zap -c chaneli.conf -t 1800 -o taarifa.ts "jina la kituo kama lilivyoandikwa kwenye faili"

Amri hiyo ukiitia kwenye cron, kipangaji cha Linux kinachoendesha amri kwa saa uliyoiweka, kompyuta itarekodi taarifa ya habari kila siku wewe ukiwa msikitini. Hilo njia ya kwanza haikupi. Na picha inarekodiwa kama ilivyotoka hewani, haipungui ubora, wala kompyuta haichoki maana inahifadhi tu. Kuchoka kwake kunakuja wakati wa kutazama, na kompyuta ya zamani sana ikipewa chaneli ya HD picha itakwamakwama. Hilo si kosa la kifaa.

Kuhusu antena, kuna dhana mbili za kuondoa. Hakuna antena ya dijitali. Antena ya UHF ni antena ya UHF, ile ya zamani yenye vijiti vingi inafaa kama haijaliwa na kutu, na neno "dijitali" kwenye boksi limeongeza bei tu. Pili, dijitali haikupi onyo kama analojia. Zamani mawimbi yakidhoofika ulipata chenga kidogo, kisha nyingi, ukatazama hivyohivyo. Sasa picha ni safi, ikidhoofika kidogo inaganda na kukatika vipandevipande, ikidhoofika kidogo zaidi hakuna kitu. Kwa hiyo "hakuna kitu" haimaanishi uko mbali sana. Inaweza kuwa umepungukiwa na kidogo tu, na kuigeuza antena upande au kubadilisha waya wenye unyevu kukarudisha kila kitu. Kwa Pemba hili lina uzito wake, maana kisiwa chetu si tambarare kama sehemu kubwa ya Unguja. Mtu wa juu ya kilima na mtu wa bondeni wanaweza kuwa majirani na wakapata vitu tofauti kabisa. Chumvi nayo inaingia kwenye vichwa vya waya ikavila kwa ndani huku kwa nje vinang'aa. Kata kipande cha mwisho cha waya, na ukiona shaba imekuwa nyeusi au kijani, tatizo umelipata.

Kipimo bora kuliko vyote ni hiki, na hakina gharama: azima king'amuzi cha jirani, kichomeke kwenye antena yako, kwenye waya wako. Kikipata chaneli, antena na hewa viko sawa, na tatizo liko upande wa kompyuta. Kikikosa, usiiguse kompyuta tena mpaka antena irekebishwe. Lakini kuna mtego mmoja. Antena nyingi zinazouzwa sasa zina kipaza mawimbi ndani, na kipaza hicho kinahitaji umeme. Ving'amuzi vingi huupeleka umeme huo wa volti 5 kupitia waya uleule wa antena, kwa kuuruhusu kwenye menyu. Vifaa vingi vya USB haviupeleki. Basi antena itafanya kazi kwa king'amuzi, itakufa kwa kompyuta, na wewe utailaumu Linux. Dawa ni kijiadapta kidogo cha kuingizia umeme kwenye waya, au antena isiyo na kipaza.

Jambo jengine unalopaswa kulijua kabla ya kununua: kifaa cha T2 kitakuonesha vituo vilivyo wazi tu. Vituo vya kulipia vimefungwa kwa kadi ya kampuni, na vitaonekana kwenye orodha kwa majina lakini picha haitokei. Watu watakuja kukwambia kuna programu ya kuvifungua kwenye Linux. Achana nao, ni kinyume cha sheria, na wewe ni mwalimu.

Njia ya tatu ile isiyoniletea kazi: kama lengo ni taarifa ya habari na vipindi vya elimu tu, vituo vingi siku hizi hupandisha vipindi vyao YouTube. Tazama kwanza kama unachokihitaji kipo huko. Kipande cha dakika 30 ukikipakua usiku kwa bando la bei nafuu kinaweza kukugharimu kidogo kuliko kifaa, antena na nauli ya kukifuata Unguja. Tatizo ni kwamba huchagui wewe kinachopandishwa, na vipindi vya elimu mara nyingi ndivyo vya mwisho kukumbukwa. Kwa skuli inayotaka maktaba yake yenyewe, T2 inashinda. Kwa mwalimu mmoja anayetaka kuonesha taarifa mara moja kwa wiki, sioni haja.

Sasa mambo ya kumwita mtu aje mwenyewe. Chochote cha kupanda juu, paa au mnazi, mpe anayepanda kwa kazi yake. Nguzo ya antena ya chuma isiyotiwa waya wa ardhini, inayopita juu ya paa zote za jirani, ni hatari wakati wa masika, na radi ikishuka inapita kwenye waya hadi kwenye kompyuta na kwa aliyeishika. Mwite fundi umeme aifunge ardhini, na ukisikia ngurumo chomoa waya wa antena, usitosheke kuzima swichi. Ukigusa mwili wa kompyuta au kichwa cha waya wa antena ukahisi kama unatetemeshwa, nako usiendelee, kuna kosa la umeme ndani ya nyumba. Na kama king'amuzi cha jirani kinapata kwake na hakipati kwako, mtafute fundi mwenye kipima mawimbi. Dakika tano za kipima zinaokoa siku nzima ya kugeuzageuza antena huku mtoto anapiga kelele dirishani "imekuja, imepotea".

Anza na waya wa manjano, Mwalimu. Ukikwama, niletee majibu ya amri tatu: lspci -nn kwa kadi uliyonayo, lsusb kwa kifaa kipya kama umekinunua, na ile ya dmesg mara tu baada ya kukichomeka. Nakili maandishi yenyewe, usipige picha ya skrini kwa simu, maana namba moja ikifichwa na mwanga wa taa nitakupa jibu la kadi ya mtu mwengine.